Roboti ndogo za kupigana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na anaeanza na seti

Toka niweke status ile video ya roboti yangu ikitolewa tairi zote mbili kabla hata sijakaa vizuri na rimoti, simu haijapumzika. Ndugu wa Tanga wanauliza, washkaji wa Nairobi wanauliza, na Waswahili wenzangu wa huku Marekani nao wanauliza, na maswali ni yaleyale. Kwahiyo nimeyaweka pamoja. Mimi sio injinia, kazi yangu ni kupanga mizigo kwenye gala hapa Connecticut, huu mwaka wa tatu niko kwenye huu mchezo na nimepigwa mara nyingi kuliko nilivyopiga. Soma ukijua hivyo.

Ni zile roboti za kwenye TV?

Ni wadogo zake. Zile za BattleBots (mashindano ya kwenye TV huku Marekani) zinafika paundi 250, yani kama kilo 113, hiyo sio ya kutengenezea sebuleni. Mchezo wenyewe umeanza kiajabu kidogo, kuna jamaa anaitwa Marc Thorpe, mwaka 1992 alikua anahangaika kutengeneza mashine ya kufyonza vumbi ya kuendesha kwa rimoti, usafi ukamshinda, akaona bora aifunge vifaa vya kukata, na 1994 akaandaa mashindano ya kwanza ya Robot Wars kule San Francisco. BBC wakaipeleka kwenye televisheni Uingereza mwaka 1998, BattleBots wakaanza 1999. Hizi ndogo zina sheria karibu zilezile, ila unaibeba kwenye boksi la viatu.

Nianze na uzito gani?

Huku Marekani na Canada anaeanza wengi wanamwelekeza kwenye paundi moja, gramu 454, wanaita uzito wa chungu (yule mdudu). Chini yake kuna gramu 150. Juu yake kuna paundi 3, kama kilo 1.36, huo ni uzito wa mende. Angalia mkanganyiko mmoja: ukisoma mambo ya Uingereza, wao wakisema chungu wanamaanisha ile ya gramu 150, na lazima iingie ndani ya mchemraba wa inchi 4. Kuna mtu ninaemjua alisoma maelezo ya Waingereza akanunua mota za roboti ya gramu 150 akazifunga kwenye roboti ya paundi moja, ilikua inatembea kama bibi anaetoka kuchota maji.

Ushauri wangu ni paundi moja. Mende wa paundi 3 wanavutia sana, na ukiangalia NHRL, ligi ya hizi roboti pale Norwalk, hapahapa Connecticut (ipo toka 2018, wanayarusha YouTube, wana madaraja ya paundi 3, 12 na 30) utatamani uanzie hapohapo. Ila kipigo cha paundi 3 ni cha kweli, roboti yako ya kwanza inaweza kurudi kwenye mfuko wa plastiki, na kila kipande kina bei.

Kwanini seti? Si ninunue vipande mwenyewe niunge?

(Nasema seti, yani vipande vya roboti vinavyouzwa pamoja uunge mwenyewe, maana nikiandika "kit" vile wanavyotamka Wazungu mtadhani nauza viti.)

Unaweza. Ila tatizo la vipande ni kwamba ukiwa mgeni hujui kipi kinaelewana na kipi. Mota inataka volti fulani, ESC (kidude cha kugawia mota umeme) inavumilia ampea fulani, betri inatoa kiasi fulani, plagi za huyu haziingii kwa yule, alafu vyote kwa pamoja visizidi gramu 454 pamoja na skrubu. Seti mtu ameshakupigia hizo hesabu. Mimi nilianza na Viper ya FingerTech, wale jamaa wa Saskatoon, Canada, na nilichoipendea ni kwamba inaanza ikiwa kabari tupu (bamba la mteremko la kumwingilia mwenzio kwa chini), silaha unaongeza baadae ukishajua unachofanya. Sio seti pekee, zipo nyingi, lakini chagua yenye mambo mawili: vipuri vyake vinauzwa kimojakimoja, na kuna watu wengi wameshaitumia. La kwanza ni muhimu kuliko unavyodhani. Utavunja kitu. Ukiambiwa tairi haliuzwi peke yake mpaka ununue seti nzima tena, utaacha mchezo wiki hiyohiyo.

Ndani yake kuna nini?

Kwa kawaida bodi, mota mbili zenye giabokisi, tairi za sponji, ESC mbili (au moja inayobeba mota zote mbili), swichi, na waya. ESC ndo kile kidude kinachopokea amri kutoka kwenye risiva (kile kinachonasa mawimbi ya rimoti) na kuamua mota ipewe umeme kiasi gani na izunguke upande gani. Betri inalisha ESC, ESC inalisha mota, na palepale kwenye ESC panatoka waya mwembamba wenye volti kama 5 wa kulisha risiva. Ukielewa hilo fungu moja umeelewa nusu ya roboti.

Ambavyo mara nyingi havimo: rimoti, chaja, betri za akiba, na mfuko wa kuhifadhia betri. Soma tangazo vizuri kabla hujafurahia bei.

Jumla itanitoka shingapi?

Mimi jumla zilinitoka kama dola 380, pamoja na rimoti, chaja, betri tatu na vifaa ambavyo sikua navyo. Nusu ya hiyo hela ni vitu ambavyo ninavyo mpaka leo, rimoti ni ileile na chaja ni ileile. Kinachoendelea kula hela ni tairi, betri, na usafiri wa kwenda mashindanoni, na usafiri ndo unaouma, hakuna anaeusema.

Lazima nijue kuchomea waya kwa risasi?

Seti nyingine zinakuja zimeshachomewa, unachomeka plagi tu. Lakini jifunze. Siku ya mashindano waya utakatika na hutokua na fundi redio wa kumpelekea. Kwa ndugu wa nyumbani hili ndo lililo rahisi, kaa na fundi simu mchana mmoja, mnunulie soda, angalia anavyofanya: anapasha waya kwanza, waya ndo unayeyusha risasi, hapaki risasi ya moto juu ya waya wa baridi. Mimi sikujua hilo. Viungo vyangu vya mwanzo vilikua vinang'aa vizuri kwa nje na ndani havijashika, roboti ikigongwa tu inazima, ikigongwa tena inawaka, watu wakadhani ni mbinu.

Na usiunge nyekundu na nyeusi kinyume. Ukikosea mara moja tu ESC inakufa, unasikia harufu ya pipi iliyoungua basi. Tumia plagi ambazo haziwezi kuingia kinyume, zile ndogo za njano XT30 zinafaa, alafu kagua mara mbili kabla ya kuchomeka mara moja.

Silaha ipi ni nzuri?

Hili ndo swali la kila mtu na jibu langu huwa haliwafurahishi. Kabari.

Najua. Umeona zile zenye diski inayozunguka zinavyorusha wenzao hadi kwenye dari. Mi mwenyewe ndo kilichonileta. Ngoja nieleze inavyofanya kazi alafu uamue. Chukua diski ya upana wa sentimita 6, izungushe mara 12,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu mita 38 kwa sekunde, yani kama kilomita 136 kwa saa, ndani ya kitu cha nusu kilo. Ukiongeza mzunguko mara mbili nguvu iliyohifadhiwa haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndo maana kila mtu anafukuzia kasi. Ila nguvu ile inapotoka haiendi kwa adui peke yake, inarudi pia kwenye ekseli yako, kwenye bearing zako, kwenye kile kiungo cha risasi ulichochomea usiku wa manane. Roboti nyingi za wageni zenye silaha ya kuzunguka hazipigwi na mtu, zinajipiga zenyewe. Kishindo cha kwanza, betri inachomoka, imeisha.

Kabari haina cha kuharibika. Ni bamba la chuma au plastiki ngumu lililolala, ncha yake inagusa sakafu kabisa. Diski ya mwenzio ikija inateleza juu, wewe unaingia chini yake unamsukuma ukutani, na unapata dakika zote mbili za kujifunza kuendesha badala ya sekunde tisa. Kule Uingereza ulingo nyingi zina shimo, ukimsukuma ndani mchezo umeisha, silaha ya nini.

Baada ya kabari nenda kwenye mkono wa kunyanyua. Unaendeshwa na servo (mota ndogo inayogeuka mpaka pale unapoiambia), unapita chini ya mtu unamwinua tairi zake zinabaki hewani, majaji wanaona kabisa nani anamtawala nani. Alafu ndo spina ya wima, ile diski iliyosimama inayopiga kutoka chini kwenda juu. Spina ya kulala ya upana mkubwa, ambayo fimbo yake inafagia mbele nzima, iache kwanza, ikikosea inajirusha yenyewe.

Mpwa wangu wa Tanga kaniuliza, "Mjomba, kwani sheria inakataza nini?" Inategemea mashindano, ila kwa jumla usije na maji, gundi, wala kitu cha kuvuruga mawasiliano ya rimoti za wenzio, na nyavu au kamba za kunasa tairi sehemu nyingi ni marufuku. Moto kwenye hizi ndogo mara nyingi hawautaki. Soma sheria za ukumbi unaokwenda, wengi huku wanafuata zile za SPARC (kanuni za pamoja za huu mchezo) wakiongeza zao.

Betri za lipo zinalipuka kweli?

Zinawaka. Sio kila siku, ila zikiwaka moto wake ni wa ghafla na moshi wake ni mbaya, kwahiyo hapa sifanyi utani.

Lipo ni lithiamu-polima, zile betri nyepesi za droni. Seli moja ina volti 3.7 kwa jina, ikijaa ni 4.2, na usiiache ishuke chini ya 3.3 hivi. Ukiona imeandikwa 2S maana yake seli mbili, volti 7.4, ikijaa 8.4. 3S ni volti 11.1, ikijaa 12.6. Tumia chaja inayosawazisha seli, ile yenye plagi ya pili ndogo nyeupe, na chaji kwa 1C, yani betri ya mAh 300 unaichaji kwa ampea 0.3, ya 450 kwa 0.45. Watu wa papara wanaongeza. Usiondoke nyumbani inachaji, usichaji juu ya kitanda wala kochi, na usichaji ilovimba. Ilovimba haiponi, hata kama "bado inashika moto vizuri" kama alivyoniambia mzee mmoja kwenye meza ya jirani.

Ukimaliza usizihifadhi zimejaa wala tupu, ziache kama 3.8 kwa seli, chaja nzuri ina kitufe cha hiyo kazi. Mimi betri zangu mbili za kwanza nilizijaza Ijumaa kwa ajili ya mashindano, mashindano yakaahirishwa, nikazisahau kwenye droo miezi miwili. Zilikua zimevimba kama mandazi.

Rimoti gani?

Yoyote ya 2.4 GHz yenye chaneli za kutosha. FlySky FS-i6 ndo utaiona kwenye meza za wengi, ni rahisi na inatosha. Unaibaindi, yani unaiunganisha na risiva, mara moja, basi zinajuana.

Cha muhimu kuliko jina lake ni kwamba mawasiliano yakikatika roboti lazima isimame yenyewe, mota za tairi na silaha. Hilo watakupima kabla hawajakuruhusu kuingia. Jipime nyumbani kwanza: weka roboti juu ya kopo tairi zikiwa hewani, zungusha, alafu zima rimoti. Tairi zikiendelea kuzunguka hujamaliza kazi. Na mpangilio ni huu, kuwasha anza rimoti alafu roboti, kuzima anza roboti alafu rimoti. Ukigeuza kuna siku itakukimbilia mezani.

Nikishaiunga nifanye nini kabla ya mashindano?

Endesha. Kila siku dakika kumi. Hakuna anaenisikiliza kwenye hili, kila mtu yuko bize kunoa ncha.

Hizi roboti zinageuka kwa kutofautisha kasi ya tairi la kushoto na la kulia, kama kifaru cha jeshi, na zina mbio kuliko unavyotarajia. Ukiisukuma mbele kwa pupa inayumba, inaonyesha ubavu, na ubavu ndo tairi zilipo. Panga vizibo vya soda sakafuni, zunguka namba nane. Alafu mwambie mtu akupigie kelele ukiwa unaendesha, kwasababu siku yenyewe mikono itatetemeka, nakuapia, mtu mzima una mtoto wa form two mikono inatetemeka.

Mazoezi mengine ni kuendesha ikiwa imepinduka. Roboti nyingi za hivi zinatembea pande zote mbili maana tairi ni ndefu kuliko bodi. Ikipinduka, mbele inakua nyuma lakini kulia inabaki kulia. Soma tena hiyo sentensi. Ubongo haukubali mpaka uzoee, mimi pambano langu la pili niliingia mwenyewe ukutani mara tatu nikidhani nakimbia. Unaweza kuweka swichi kwenye rimoti ya kugeuza hiyo chaneli ya mbele na nyuma, lakini kwanza ukumbuke kuibonyeza.

Skrubu zinalegea, nifanyeje?

Gundi ya skrubu, ya buluu, tone dogo. Inashika ila unaweza kuifungua kwa alenki (ile funguo ya pembe sita). Lakini usiiguse kwenye polikaboneti! Ile plastiki ngumu ya kuonekana ndani, gundi hiyo ikiifikia inaipasua nyufa, asubuhi unakuta kifuniko kimegawanyika wala hakijapigwa na mtu. Kwenye plastiki tumia skrubu ndefu zaidi au nati zenye plastiki ndani.

Kwani sio chuma tupu? Plastiki itahimili?

Plastiki inayofaa inahimili kuliko chuma chembamba, kwasababu inajikunja alafu inarudi. Vile vibao vyeupe vya kukatia nyama jikoni ni HDPE, ukikata vizuri unapata kuta nzuri kabisa za roboti, nyepesi na haipasuki. Watu wamefanya hivyo miaka mingi. Mke wangu alishakubali kupoteza kibao, alichogoma ni mzani wa jikoni, kwahiyo nilinunua wangu. Nunua mzani mapema, upime roboti pamoja na betri na skrubu zote, watu wengi wanafika ukumbini na gramu 457 wanaanza kutoboa matundu kwa hasira.

Na printa ya 3D?

Ukiwa nayo, safi. Plastiki ya kawaida ya printa, PLA, inapasuka kama sahani, kwa bodi watu wanatumia TPU, plastiki ile inayonyumbuka kama kandambili. Ukiwa huna usiinunue kwa ajili ya hii.

Inajiendesha yenyewe? Ina akili bandia?

Hapana. Akili ni ya kwako, ndo maana nimesema endesha.

Ni hatari? Naweza kumpa mtoto?

Kabari isiyo na silaha, mtoto wa miaka kumi pamoja na mzazi, sawa kabisa, na huku utawakuta watoto wengi wanaowachapa wazee. Ikiwa na silaha inayozunguka, sio toy tena hata kama inakaa kiganjani. Silaha hiyo haiwashwi nje ya ulingo au nje ya boksi la majaribio, na boksi liwe la polikaboneti, sio akriliki, akriliki inavunjika vipande vikali kama kioo. Ikiwa mezani silaha iwe imefungwa kwa pini au kabari ya kuizuia, na kizuizi hicho unakiondoa roboti ikishakua ndani ya ulingo. Miwani ya kukinga macho vaa hata kama unaona aibu.

Nina kovu kwenye kidole cha shahada. Sikupigana na mtu, nilikua nakaza skrubu na betri imechomekwa, mtoto akapita akagusa rimoti. Chomoa betri kwanza, kila siku, hata kama ni skrubu moja tu.

Siku ya mashindano inakuaje?

Kuyapata angalia tovuti ya Robot Combat Events, wanaorodhesha ya Marekani na sehemu nyingine. Unajiandikisha mapema, nafasi zinaisha.

Unafika asubuhi, unapewa meza na plagi ya umeme, unapima uzito, wanakagua usalama: inazima rimoti ikizimwa, silaha ina kizuizi, kuna taa inayoonyesha kama imewashwa, swichi inafikika. Swichi ya kwangu unaizungusha kwa alenki kupitia tundu dogo, kwahiyo alenki hiyo ifunge kwenye kamba shingoni, utanishukuru. Pambano ni dakika 2 au 3 kutegemea ukumbi. Ukishindwa kutembea wanahesabu mpaka kumi, umetoka. Ukiona unachinjwa unaweza kusalimu amri, hamna anaecheka, ni akili tu, utahitaji hizo mota pambano lijalo.

Sehemu nyingi ni mpaka upoteze mara mbili ndo utolewe. Kati ya mapambano unaweza kupewa dakika 20 tu, kwenye hizo dakika ubadilishe betri, uchomee waya, ubadilishe tairi. Nenda na tairi za akiba zilizoshafungwa kwenye vishikio vyake, sio za kuanza kubandika pale.

Na kitu kimoja kilichonishangaza nilipoanza: yule anaekuja kukuazima mota ni yule utakaepigana nae. Mimi nilikosa ESC, jamaa akanipa yake, nikamshukuru, dakika kumi baadae akaninyanyua juu ya ukuta. Huo ndo utaratibu, na wewe uazime ukiombwa.

Ikienda kwa majaji wanaangalia nini?

Uharibifu, uchokozi, na nani alitawala. Kwenye BattleBots kila jaji ana pointi 11, 5 za uharibifu na 3 kwa kila moja ya hizo mbili zingine. Kwenye hizi ndogo hesabu zinatofautiana, ila kukaa kona ukisubiri hakujawahi kumsaidia mtu. Mwenye kabari huwa anakosa pointi za uharibifu, kwahiyo msukume mwenzio kwa nguvu kwenye ukuta, kishindo kisikike.

Niko Dar / Nairobi, naweza kuanza?

Kuunga unaweza kesho. Mota ndogo za giabokisi, waya, swichi na servo utavipata ukizunguka Kariakoo au Luthuli kwa subira, mafundi wa kuchomea tunao kuliko huku, na kibao cha nyama kipo kila soko. Kinachosumbua ni betri. Lipo zina masharti makali kwenye mizigo ya ndege, wauzaji wengi wa nje hawatumi kabisa, kwahiyo ulizia wanaouza vitu vya droni hapo ulipo. Kama kuna ndugu anakuja, betri za akiba hazikai kwenye sanduku la chini, anabeba mkononi, kila moja imefunikwa ncha. Betri ya 3S ya mAh 300 ina saa-wati kama 3.3 tu na kikomo cha kawaida cha ndege ni 100, kwahiyo ukubwa sio tatizo, tatizo ni mtu akizitupia tu kwenye begi pamoja na funguo.

Kwa nyumbani mimi ningeanza na ya gramu 150. Ulingo wake ni mdogo, seremala anakuundia sakafu na fremu, karatasi za polikaboneti zile za mapaa zenye ukuta mmoja (sio zile zenye matundu ndani) unazunguka pande zote na juu, na kabari tupu kwanza, bila spina yoyote mpaka boksi lijaribiwe. Mkiwa wanne mnaanza. Msisubiri mdhamini.

Roboti iitwe nani?

Lolote, ila mtangazaji atalitamka anavyojua. Yangu inaitwa Siafu, kwasababu ni uzito wa chungu na niliona nimekuwa mjanja. Mwaka wa tatu huu naitwa ulingoni na "Saiyafu".

Kwenye ile video tairi zilitokaje?

Wengi mmesema jamaa alikua na spina kali. Nimeirudia polepole, alinigusa mara moja tu, tena na ubavu, spina yake ilikua hata haijashika kasi. Usiku wake nilikua nimebadilisha tairi zote mbili nikaenda kulala. Vile viskrubu viwili vidogo vinavyobana tairi kwenye ekseli, sikuvipaka gundi. Chupa ilikua mezani, wazi, kifuniko pembeni.